Elimu ya Uzee: Wazee wa Mbeya na Iringa, Zamani na Sasa

Somo la 11. Limetangazwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima ya Nyanda za Juu Kusini. Mwalimu alisome kwanza kwa sauti. Kisha wanafunzi walisome wenyewe kwa zamu, fungu baada ya fungu.



Leo naanza kwa swali. Je, mtu aweza kwenda shuleni kujifunza uzee? Najua wengine mnacheka. Mtasema, "Mzee ni baba yangu, ni bibi yangu. Nimeishi naye tangu kuzaliwa. Nijifunze nini tena?" Hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka siku moja nilipokosea. Basi nitawaeleza kosa langu kwanza, kisha tuingie katika historia.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya elimu, nilikwenda kukagua darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha Iringa. Darasani palikuwa na bibi mmoja mwenye miaka zaidi ya 70. Kila alipoitwa kusoma, alikishika kitabu, akakunja uso, akanyamaza. Wenzake walikuwa wamefika ukurasa wa 20, naye alikuwa bado ukurasa wa 3. Nikaandika katika daftari langu: "Huyu ni mzee mno, hawezi tena kujifunza." Nikaenda zangu.

Baada ya miezi mitatu nilirudi. Nikamkuta bibi yule anasoma, tena anasoma vizuri kuliko wengi. Mjukuu wake alikuwa amemnunulia miwani mnadani. Bibi akaniambia, "Mwalimu, herufi nilikuwa nazijua. Nilikuwa sizioni."

Ndugu zangu, niliona haya. Nilikuwa na diploma ya chuo kikuu, lakini sikujua jambo dogo kama hilo. Mtu akipita miaka 40 hivi, jicho lake huanza kupoteza ulaini wake wa ndani, asiweze kuona vizuri vitu vya karibu. Jambo hili humpata karibu kila mtu, wala si dalili ya ujinga. Mimi nililaumu umri wa bibi, kumbe kilichokosekana ni miwani.

Tangu siku ile nilianza kusoma habari za elimu ya uzee. Wataalamu huiita jerontolojia. Ni elimu inayochunguza jinsi mtu anavyozeeka mwilini, akilini, na katika maisha yake pamoja na watu. Anayetaka kufanya kazi na wazee, awe muuguzi, ofisa wa ustawi wa jamii, mwalimu au mtendaji wa kijiji, yampasa aijue. Lakini huwezi kumwelewa mzee wa leo wa Mbeya au Iringa usipojua mambo yaliyompata. Kwa hiyo tuanze na historia ya kwetu.

VIJIJI VYA RIKA KATIKA RUNGWE

Mwaka 1934 alifika Rungwe kijana mmoja Mwingereza, jina lake Godfrey Wilson. Mwaka uliofuata akaja mkewe, Monica, aliyezaliwa Afrika Kusini. Walikaa kati ya Wanyakyusa mpaka mwaka 1938, wakajifunza lugha yao na kuandika desturi zao. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica aliendelea na kazi ile, na mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Baadaye, mwaka 1977, alitoa kitabu kingine juu ya uhusiano wa vijana na wazee katika nchi hiyo hiyo.

Vijiji vya rika vilikuwaje? Katika nchi nyingi watu hukaa pamoja kwa sababu ni ndugu wa ukoo mmoja. Wanyakyusa hawakufanya hivyo. Walikaa pamoja kwa sababu walikuwa wa umri mmoja. Mvulana alipofika miaka 10 au 11 aliacha kulala katika nyumba ya baba yake. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Mchana walirudi nyumbani kulima shamba la baba na kula chakula cha mama. Tena walikwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua walioa, wakawaleta wake zao palepale. Hivyo kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima.

Basi katika nchi ya chifu mmoja paliweza kuwa na vijiji vya aina tatu kwa wakati mmoja. Palikuwa na vijiji vya vijana, ambao bado hawajapewa mamlaka. Palikuwa na vijiji vya baba zao, waliokuwa wakitawala na kuilinda nchi. Tena palikuwa na vijiji vya babu, waliokwisha kuacha utawala.

Je, utawala ulipitaje kutoka kwa baba kwenda kwa vijana? Palikuwa na sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, maana yake kutoka. Ilifanywa mara moja tu kwa kila kizazi, yaani kila miaka 30 hivi. Siku hiyo wazee walikabidhi nchi kwa vijana wao, na kuwapisha katika ardhi pia. Lakini hawakuachwa bila kazi. Matambiko makubwa ya nchi yalibaki mikononi mwa wazee.

Liko neno moja la Kinyakyusa ambalo nataka mlikumbuke. Neno hilo ni ukwangala. Maana yake ni kukaa na wenzako kwa furaha, kula pamoja, kunywa pamoja na kuzungumza maneno mema. Kwa Wanyakyusa, mtu aliyekula peke yake alionekana amepungukiwa. Mzee katika kijiji cha rika alizeeka katikati ya watu waliochunga ng'ombe pamoja naye utotoni.

KIGODA CHENYE MIGUU MITATU

Sasa tuulize: mzee wa zamani alishikwa na nini hata asianguke? Watu wengi husema, "Alishikwa na heshima." Ni kweli, lakini heshima peke yake haimlishi mtu. Mimi nafananisha maisha ya mzee na kigoda chenye miguu mitatu.

Mguu wa kwanza ni mali. Kijana wa Rungwe, na kijana wa Uhehe vilevile, hakuweza kuoa bila ng'ombe wa mahari, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba. Kwa hiyo kijana alimlimia baba yake, naye baba akamlipia mahari. Kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Mguu wa pili ni kazi. Uhehe haukuwa na vijiji vya rika, na nyumba zilikaa mbalimbali. Lakini huko pia mzee ndiye aliyeongoza tambiko makaburini, aliyeamua ugomvi wa ukoo, na aliyejua mipaka ya mashamba. Watu walimwendea kwa sababu alikuwa na kazi isiyoweza kufanywa na kijana.

Mguu wa tatu ni wenzake, watu wa kukaa nao na kuzungumza nao. Ndiyo ukwangala tuliyoisema.

Lakini tusiyasifu mambo ya zamani kupita kiasi. Kigoda hicho hakikuwa sawa kwa wote. Mwanamke mzee hakuwa na ng'ombe wake. Akiwa hana mtoto wa kumtazama, maisha yake yalikuwa magumu. Tena heshima nyingine ilichanganyika na hofu. Watu waliamini kwamba hasira ya wazee, hata manung'uniko yao tu, yaweza kumletea mtu ugonjwa. Hofu ya namna hiyo ni kama moto. Leo humlinda mzee, kesho humwunguza. Tutaona hapo mbele.

SHILINGI YAINGIA NYUMBANI

Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi yetu. Mwaka huo huo Chifu Mkwawa wa Wahehe alikufa, na vita vya Uhehe vikaisha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza nao walitoza kodi. Kodi haikulipwa kwa maziwa wala kwa mahindi. Ililipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana mbali.

Basi vijana wakaondoka. Dhahabu ya Lupa, katika Chunya, iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walikwenda kuchimba huko. Wengine walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wengine walivuka mpaka mpaka machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa ni Zambia. Wengine walifika hata machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini.

Tazameni jinsi jambo hili lilivyobadili maisha ya mzee. Kijana aliyerudi na fedha aliweza kununua ng'ombe wake mwenyewe. Hakumngoja tena baba. Mguu wa mali ukaanza kulegea. Na wakati kijana alipokuwa mbali, shamba la baba lililimwa na nani? Lililimwa na wanawake, na wazee wenyewe.

Katika Rungwe jambo jingine likaongezeka. Watu walipanda kahawa, na baadaye chai. Mahindi na maharage huvunwa, kisha shamba huweza kuhamishwa. Lakini mkahawa husimama miaka mingi. Nani atakubali kuuacha mkahawa wake ili kupisha kijiji cha vijana? Ardhi ikawa haba, na kila mtu akataka kumwachia mwanawe shamba lake. Monica Wilson aliporudi Rungwe mwaka 1955, aliona kwamba vijiji vya rika vilikuwa vinakwisha. Vijiji vile havikufutwa na mtu. Vilikwisha kidogo kidogo, kwa sababu ya kahawa, mshahara, shule, dini mpya na uhaba wa ardhi.

Mzee akabaki na heshima ya maneno. Vijana waliendelea kumwamkia shikamoo, naye aliendelea kuitikia marahaba. Lakini kigoda kilikuwa kinatikisika.

ELIMU HII ILITOKA WAPI?

Wakati mambo hayo yalipokuwa yakitokea kwetu, huko Ulaya na Marekani wazee walikuwa na shida zao. Viwanda vilikuwa vimewatoa vijana vijijini zamani, na wazee wengi maskini walimalizia maisha yao katika nyumba za maskini. Tutataja watu watatu tu.

Wa kwanza ni Élie Metchnikoff. Alizaliwa mwaka 1845 katika nchi ambayo sasa ni Ukraine, akafanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Mwaka 1903 alitumia neno jerontolojia, akitumia neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Alitaka uzee uchunguzwe kama tunavyochunguza mvua au mimea. Yeye alidhani maziwa mgando huongeza maisha. Najua ninyi wafugaji mtafurahi kusikia hivyo! Dawa ya kuzuia uzee hakuipata, lakini alifungua mlango wa kuuliza.

Wa pili ni Ignatz Nascher, daktari wa New York. Mwaka 1909 alisema kwamba magonjwa ya wazee yatengewe tawi lake la uganga, kama yale ya watoto. Alifundisha kwamba uzee ni kitu kimoja, na ugonjwa unaompata mzee ni kitu kingine. Ukisema "ni uzee tu," umeacha kutafuta ugonjwa. Kumbukeni maneno niliyoandika katika daftari langu juu ya yule bibi. Kosa langu lilikuwa lile lile.

Wa tatu ni Daktari Marjory Warren wa Uingereza. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, magharibi ya London, ilikabidhiwa jengo la jirani lililokuwa la nyumba ya maskini. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa 714. Wengi walikuwa wazee waliolala kitandani muda mrefu, na watu walidhani wanangoja kufa. Daktari Warren alimpima kila mmoja, akawagawa kulingana na ugonjwa wao. Akawainua, akawafundisha kusimama, kisha kutembea. Alitaka vyumba viwe na mwanga na rangi nzuri. Wengi wakapona kiasi cha kurudi makwao.

Hapo pana fundisho kubwa kwa kila nyumba. Misuli ya mzee anayelazwa siku nyingi hupungua upesi. Damu haizunguki vizuri, ngozi huchubuka na kufanya vidonda. Ukimwonea mzee huruma kwa kumwambia, "Lala tu, babu, usijisumbue," waweza kumdhuru. Mpe fimbo, mshike mkono, mtembee pamoja mpaka kwenye mti ule, mrudi.

NCHI HURU NA WAZEE WAKE

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliandika juu ya ujamaa wa Kiafrika. Alieleza kwamba mzee aliyeonekana anastarehe bila kufanya kazi, kwa kweli alikuwa amekwisha fanya kazi kwa bidii ujanani mwake. Haki ya mzee, kwa maneno mengine, si sadaka. Ni deni.

Mwaka 1964 Serikali ilianzisha Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini mfuko ulikuwa wa watu wa mshahara. Mkulima wa Ismani, mfugaji wa Usangu na mama wa shamba la ndizi la Rungwe hawakuwamo. Nao ndio waliokuwa wengi.

Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kuanzisha chuo cha taifa cha mafunzo ya ustawi wa jamii. Leo chuo hicho huitwa Taasisi ya Ustawi wa Jamii, nacho kiko Dar es Salaam. Huku kwetu, Chuo cha Maendeleo ya Jamii Rungemba, katika Mufindi, na kile cha Uyole, Mbeya, hufundisha watu watakaofanya kazi vijijini. Kijana mwenye nia ya kuwasaidia wazee aweza kuanzia katika vyuo vya namna hii.

Katika dunia pia mambo yalisonga mbele. Mwaka 1982 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa juu ya uzee mjini Vienna. Mwaka 1990 uliamua kwamba tarehe 1 Oktoba iwe Siku ya Wazee Duniani. Nchi yetu ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Sera hiyo inamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60. Katika sensa ya mwaka 2012, watu wa umri huo nchini walikuwa zaidi ya milioni 2.

BIBI ALIYERUDI KUWA MAMA

Sasa nafika mahali pagumu. Wengi wenu mnaposikiliza mtawakumbuka watu wa nyumbani mwenu.

Tangu miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI uliingia katika nchi yetu. Mikoa yetu iliumia sana. Uchunguzi wa mwaka 2003 na 2004 ulikuta kwamba, kwa watu wa miaka 15 mpaka 49, zaidi ya watu 13 katika kila 100 walikuwa na virusi katika mkoa wa Mbeya, na kadhalika katika mkoa wa Iringa. Hakuna mikoa iliyozidi hiyo miwili. Mwaka 2007 na 2008 Iringa ilifika karibu watu 16 katika kila 100. Wakati huo Njombe ilikuwa bado sehemu ya Iringa. Ilifanywa mkoa mwaka 2012.

Ugonjwa huu hauui kama magonjwa mengine. Magonjwa mengi huchukua watoto wachanga na wazee. UKIMWI ulichukua watu wa katikati, wenye nguvu za kulima na kulea. Walibaki wa pande mbili: wajukuu na bibi.

Basi mwanamke aliyekuwa anangoja kutunzwa akaanza tena kutunza. Alimwuguza mwanawe, akamzika. Kisha akawachukua wajukuu, watatu au wanne au zaidi. Akatafuta sare za shule, madaftari na chumvi. Akashika jembe akiwa na miaka 70. Kumbukeni, huyu ndiye yule ambaye tangu zamani hakuwa na ng'ombe, ambaye kigoda chake kilisimama juu ya mtoto wake. Sasa mtoto hayupo.

Kuanzia mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya ugonjwa zilianza kutolewa bure katika hospitali za Serikali, na wengi wamepona kifo. Lakini watoto waliolelewa na bibi zao ndio watu wazima wa leo. Labda wewe unayesikiliza ni mmoja wao. Kama ni hivyo, unajua kuliko mimi deni la mzee ni nini.

Liko na jambo lingine la kusikitisha. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wengi wao ni wanawake. Huku kwetu pia lawama hizo zimewaumiza wazee. Watu husema, "Tazama macho yake mekundu." Jamani, mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa meupe? Moshi ndio uliyoyafanya mekundu. Wengine husema, "Anazungumza peke yake, anatembea usiku." Mara nyingi huo ni ugonjwa wa ubongo, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwachunguza watu wa miaka 70 na kuendelea katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Walikuta kwamba watu 6 hivi katika kila 100 wana ugonjwa huo. Kwa hiyo upo katika vijiji vyetu pia. Mgonjwa huyo anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumrudisha nyumbani. Hana uchawi.

MWANAFUNZI WA UZEE HUJIFUNZA NINI?

Anayesomea kazi ya wazee hujifunza mambo makubwa matatu.

La kwanza ni mwili. Hujifunza kutofautisha uzee na ugonjwa. Mvi ni uzee. Kutembea polepole kidogo ni uzee. Lakini macho kufunikwa na mtoto wa jicho ni ugonjwa, na daktari aweza kuutibu kwa kupasua. Kuanguka mara kwa mara kuna sababu, tena sababu itafutwe. Huenda ni shinikizo la damu, au macho, au dawa nyingi zinazogombana mwilini.

La pili ni akili. Kusahau mahali ulipoweka kisu ni jambo la kawaida. Lakini mtu akisahau kisu ni cha kazi gani, au akipotea katika njia aliyoipita miaka 40, apelekwe kwa daktari. Tena mzee anayenyamaza siku zote, asiyekula wala kutoka nje, huenda ana huzuni kubwa. Huzuni hiyo pia ni ugonjwa wenye matibabu.

La tatu ni maisha yake pamoja na watu, na hapo kigoda chetu kinarudi. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza: Mzee huyu ana mali gani? Je, shamba lake li salama, au ndugu wanamnyang'anya? Ana kazi gani inayomfanya ahitajiwe? Ana nani wa kuzungumza naye?

Miguu hiyo yaweza kutengenezwa upya. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kupata mshahara. Huo ni mguu wa mali. Mzee akialikwa shuleni kuwasimulia watoto habari za kijiji, huo ni mguu wa kazi. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee habari za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907. Wazee wale walizungumza, na leo sehemu kubwa ya historia hiyo tunaijua kwa vinywa vyao. Nao wazee wakikutana kila juma chini ya mti, wakala mahindi ya kuchoma na kuzungumza, huo ni mguu wa wenzake. Ukwangala haihitaji fedha za wafadhili.

MWISHO WA SOMO

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu walipisha vijana siku ya ubusoka kwa sababu walijua mahali watakapokwenda kukaa. Walijua watakula nini, watafanya nini, na watakaa na nani. Mzee wa leo anapisha bila kujua. Ndiyo sababu elimu hii yatupasa. Sisi tunaoisoma tunawasomea wazee wetu kwanza, lakini baada ya miaka 30 au 40 tutakuwa tumejisomea wenyewe.

Juma lijalo tutasoma namna ya kuandika wosia. Njooni na kalamu. Kwaherini.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Vijiji vya rika vilikwisha kwa sababu gani? Tajeni tatu.

2. Daktari Warren alifanya nini kwa wagonjwa wake? Ninyi mwaweza kufanya nini kama hilo nyumbani, bila hospitali?

3. Katika kijiji chenu, wazee hukutana wapi? Kama hawana mahali, nani ataanza kupatafuta?

4. Wanafunzi wazee waelezeni vijana: ni jambo gani watu hulidhani ni uzee, kumbe lina dawa?

KAZI YA NYUMBANI

Mwendee mzee mmoja jirani yako. Mwamkie, keti, umsikilize kwanza. Kisha andika katika daftari lako sentensi 5: umri wake, mali yake, kazi yake, watu wa kuzungumza naye, na jambo moja alilokuambia ambalo hukulijua. Ukiona haoni vizuri, usiandike kwamba hawezi. Muulize habari za miwani.